Shuka la Sandukuni

Mama alipolazwa mjini Bariadi tulikwenda na mashuka yetu, kama kila mwenye mgonjwa afanyavyo. Yalikuwa mawili tu. Tumbo lilikuwa linamwendesha bila kuzuilika, na mvua ya siku zile ilikuwa na kisirani: ukifua asubuhi, jioni bado unakamua maji. Nilianika kwenye uzio, nilianika vichakani, mwisho nikajifunga shuka bichi mwilini walau lipate joto langu. Nilifika mahali nikamwonea wivu mgonjwa wa kitanda cha pili kwa sababu ana kanga kavu.

Kilichonipa nguvu ni kimoja: mama alikuwa ameanza kunywa uji.

Nikampigia simu wifi yangu, aliyebaki nyumbani Sapiwi. "Leta shuka lolote, wifi, ilimradi kavu."

Alikuja na bodaboda, amelifunga kwenye mfuko wa nailoni lisipate hata tone. Alipolikunjua, nililitambua. Lilikuwa lile jeupe, lenye maua mekundu ambayo mama aliyafuma kwa mkono wake. Akina mama wa rika lake huweka moja la namna hiyo sandukuni. Halilaliwi, hata aje mgeni gani. Ni la siku ya kulazwa sebuleni, watu wapite kuaga.

Mama alilitazama shuka, kisha akatutazama sisi.

"Mmeshaamua," alisema.

"Hapana, mayu," nilimwambia mama yangu. "Mengine yameloa tu."

"Basi nitandikieni."

Nikampelekea kijiko cha uji, akafumba mdomo. Nilibembeleza mpaka sauti ikakauka, wifi pembeni akilia na kujilaani. Mama alilala mikono kifuani, mtiifu, akingoja shuka lake. Nilimchukia kwa utiifu ule.

Nikaling'ata pindo la shuka kwa meno, nikalichana katikati. Wodi nzima iligeuka.

"We mtoto! Una wazimu?" Sauti ile sikuwa nimeisikia tangu alazwe. "Sasa mtanilaza na nini?"

"Hakuna. Kwa hiyo usife."

Nilikuwa nalia waziwazi. Nikaingiza nusu chini yake. Akaushika ukingo uliochanika, akaupapasa taratibu.

"Utalishona," alisema.

"Sijui kushona hivi, mayu. Unajua sijui."

"Mvivu tu, tangu utoto." Akafumba macho, akahema. "Lete huo uji."

Nilimwambia umeshapoa. Akaunywa hivyo hivyo.