Chumvi ya Shangazi

Mwezeshaji wa semina alikuwa hana shangazi, hilo nililijua kabla ya chai ya saa nne. Tulikuwa wafanyabiashara wadogo wa Bukoba mjini, tumekaa kwenye ukumbi wenye viti vya plastiki, naye anatufundisha uongozi. Alisema kiongozi bora humwambia mfanyakazi kosa lake ana kwa ana, kwa upole, siku hiyohiyo, bila kuzunguka. Wenzangu waliandika. Mimi nilimtazama tu, nikawaza: huyu kijana wa watu, mlete Hamugembe jikoni kwangu aje amwambie shangazi yangu kwamba chakula chake kimezidi chumvi. Alete na mwanasheria.

Kazi yangu ni kupika kwenye sherehe: harusi, sendofu, vipaimara, hata vikao vya wakubwa. Nina masufuria makubwa, turubai, wasaidizi wawili na mpishi mkuu, ambaye ni dada yake baba yangu. Mimi ndiye bosi kwenye kadi ya biashara. Kwenye sufuria, bosi ni yeye. Kwetu Wahaya shangazi ni baba aliyevaa gauni. Unamsalimia umepiga magoti, unamsikiliza umepiga magoti, na kumkosoa hakuna mkao wake. Huyu wangu ndiye aliyenifundisha kumenya ndizi bila kuchafuka utomvu na kupanga majani ya mgomba ndani ya sufuria ili mvuke usitoke. Alipofiwa na mumewe akahamia kwangu, na ni ndizi zake zilizoifanya biashara yangu ijulikane mpaka Muleba.

Kisha chumvi ikaanza kupanda. Mara ya kwanza nilidhani ni bahati mbaya. Mara ya pili wageni walimaliza maji kabla ya kumaliza chakula. Ya tatu, mama mmoja wa kanisani alinivuta pembeni akaniuliza kama tunachota maji ya kupikia baharini. Nilimwambia hapa tuna ziwa, akasema basi aliyepika amelikosea ziwa.

Nikaanza kuzunguka, kama tulivyokatazwa kwenye semina. Jioni moja, tukiwa tunamenya vitunguu, nilisimulia kwa sauti habari za jirani ambaye presha ilimpanda kwa sababu ya chumvi. Shangazi alisikiliza hadi mwisho, akasema, "Huyo jirani apunguze maneno kwanza, chumvi baadaye." Wiki iliyofuata nikanunua kijiko kidogo cha chumvi, kile kikubwa nikakificha. Alikitazama, akakisifu kuwa ni kizuri, akachota mara mbili zaidi.

Ndipo ilipokuja sendofu ya Kamachumu. Baba wa bibi harusi ni mwalimu mstaafu, mzee wa usharika, mtu ambaye akikusifu kwenye baraza la kahawa unapata kazi za msimu mzima, na akikulaumu unauza masufuria. Alinipigia simu siku chache kabla. Alisema amesikia chakula chetu ni kizuri ila kina chumvi, na yeye na wazee wenzake wana presha. Kisha akasema kwa adabu kubwa yenye "waitu" ya heshima ya Kihaya, ile inayoumiza kuliko matusi, "Kama mpishi wako amechoka, waitu, mpumzishe. Tutaelewa."

Sikulala vizuri. Kumpumzisha shangazi maana yake ni kumrudisha kijijini akakae na kuku, mwanamke ambaye akikosa jiko anaanza kuugua mgongo. Kutompumzisha maana yake ni kuipoteza Kamachumu, na baada ya Kamachumu, Muleba nzima. Nikaamua nitamwambia tukiwa njiani. Kwenye pikapu akaanza kuimba pambio, nami nikaitikia kama mjinga mpaka tukafika.

Tulipika nyuma ya nyumba, pembeni ya migomba, tangu asubuhi. Kulikuwa na ukungu mwepesi, na kuni zilikuwa kavu. Nilishughulika na meza na vyombo, nikijipa sababu moja baada ya nyingine ya kutokwenda karibu na sufuria ya ndizi. Nilishangaa tu kwamba jiko letu lilikuwa kimya kuliko kawaida. Dada anayepika wali hakuwa na umbea. Kaka wa kuni alikuwa anapuliza moto usiohitaji kupulizwa. Shangazi alikaa juu ya kreti la soda, amefunga kitenge chake vizuri, anautazama moto.

Wageni walipoanza kuingia kwenye turubai nikachukua kijiko, nikafunua majani, nikaonja ndizi na nyama.

Hapakuwa na chumvi. Nasema hapakuwa nayo hata ya kusingiziwa. Zilikuwa na ladha ya maji ya mvua.

Nikamwita dada wa wali faragha. "Chumvi iko wapi?"

Akainamisha macho. "Nimeificha kwenye migomba, chini ya majani makavu. Bosi, nilitaka kukuokoa."

"Pakiti zote?"

"Moja sikuiona."

Kaka wa kuni akakohoa. "Hiyo ninayo mimi mfukoni."

Kila mmoja alikuwa ameiokoa biashara kimyakimya, bila kumwambia mwenzake, nami nilikuwa nimeiokoa kwa pambio. Ningeweza kucheka, na baadaye nilicheka mpaka mbavu zikauma, lakini pale nilishikwa na hasira. Lililonisumbua zaidi ni hili: shangazi hakuwa ameulizia chumvi. Mpishi anakosa chumvi tangu asubuhi na hasemi neno?

Nikaenda nikapiga magoti mbele ya lile kreti, kwenye majivu, na gauni langu jipya.

"Shangazi, ndizi hazina chumvi."

"Najua," akasema. "Sikutia."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu unaongea na simu kama mtu anayeita ng'ombe. Nilikusikia na huyo mwalimu wako mpaka chumbani."

Basi nikasema lile lililokuwa limenikaa kooni miezi yote. "Na kabla ya leo chumvi ilikuwa inazidi, shangazi. Inazidi sana. Nilipaswa kukuambia, nikakuogopa."

Aliongea Kihaya kwanza, taratibu, kisha akarudia kwa Kiswahili kama vile anataka hata kuni zisikie. "Tangu ile homa ya masika, ulimi wangu hauniambii kitu. Nikitia chumvi siisikii. Naongeza, bado siisikii. Nakadiria kwa mkono. Mkono nao umeanza kuwa mwoga."

"Mbona hukusema?"

"Niseme ili unirudishe kwa kuku?"

Hapo ndipo nilipokasirika kweli. Nilimwambia, huku nimepiga magoti kwa heshima zote, kwamba amenitukana. Mtu aliyenilea anawezaje kudhani nitamtupa kwa ajili ya ulimi? Nilimwambia hayupo mtu Hamugembe yote anayejua ndizi zimeiva kwa kusikiliza tu mlio wa sufuria, na kwamba ndimi ziko nyingi, mimi ninao, huyu wa wali anao, tena mrefu. Dada wa wali alitikisa kichwa kukubali.

Shangazi akanitazama, akacheka kidogo, akashangaa kwa Kihaya. "Mawe! Kumbe unaweza kufoka." Akasimama, akapangusa kitenge. "Chukueni chumvi mlikoificha. Si kwa kumimina! Mtazivunja ndizi."

Akawa mpishi tena. Akaagiza chumvi iyeyushwe kwenye supu ya moto, imwagwe pembezoni polepole, sufuria ifunikwe majani, ishikwe pande mbili na kutikiswa, mwiko usiguse kitu. Kisha akanipa kijiko.

"Nionjee."

"Bado, shangazi."

Akaongeza supu. "Sasa?"

"Bado kidogo."

"Sasa?"

"Acha!"

Nilisema "acha" kwa shangazi yangu, mbele ya watu, bila hata "tafadhali". Mkono wake ukasimama hewani. Nikaona uso wake ukijaribu kuchukia, kwa mazoea, ukashindwa. Akaurudisha mkono chini.

Chakula kililiwa. Wazee waliongeza, na baba wa bibi harusi alikula kimya, akiwa ameinama kwenye sahani, ishara ambayo kwetu ni zaidi ya hotuba. Baada ya maombi ya shukrani alisimama akaomba mpishi aitwe mbele aonekane. Niliogopa. Nilijua shangazi angeweza kujificha kwenye migomba, au kunisukuma mimi niende nikapokee sifa, na mwalimu angebaki akidhani nimempumzisha.

Akaja mwenyewe, na kitenge chenye majivu, akinivuta kwa mkono. Mwalimu akamwambia mikono yake imebarikiwa.

"Waitu, mikono ni yangu," shangazi akasema kwa sauti ya kufika mpaka kwenye viti vya nyuma. "Ulimi ni wa huyu mtoto. Wangu umekufa, naye hajanifukuza."

Watu wakacheka na kupiga makofi, wakidhani ni utani wa bibi mchangamfu. Mimi sikuweza kucheka. Nilisimama pale mbele ya sendofu ya watu nikilia waziwazi, na mpishi wangu mkuu akanifuta uso kwa ncha ya kitenge chake.