Makohozi ya Mama Ndani ya Chupa Yangu

Mimi huona haya hata kukohoa kanisani. Nasema hivi mapema, ingawa si kisingizio.

Mama alimaliza dawa za TB mwaka jana, kisha kikohozi kikarudi. Yeye alilaumu vumbi la shamba la muguka, yale majani ya kutafuna. Mhudumu wa afya wa kijiji hakubishana naye. Alituachia chupa mbili ndogo, moja ya mama, moja yangu, kwa sababu mimi pia nilikuwa nakohoa kidogo. Akatueleza tukohoe asubuhi kabla ya kula, nje penye hewa, na makohozi yatoke kifuani. Mate hayasaidii.

Nje kwetu ni kando ya njia ya kwenda kuteka maji. Asubuhi ya Ijumaa watu walikuwa washaanza kupita, na wawili ni wa darasa langu. Nilijikaza, yakatoka mate tu. Mama alikuwa amemaliza na kuingia ndani kuvaa. Nikafungua chupa yake, nikamimina nusu kwangu. Nikajiambia tunalala nyumba moja, kuna tofauti gani.

Hospitali tuliyoenda Embu siku hiyo ina mashine inayotoa jibu kwa saa mbili hivi, na inasema pia kama dawa ya kawaida itashindwa. Tulingoja kwenye benchi, mama akinitania kwamba nimevaa viatu vya Jumapili kuleta makohozi. Sista akatuita. TB, wote wawili, na ile dawa kuu haiiwezi.

Mama hakuuliza lolote kuhusu yake. Aliniangalia tu.

"Mwanangu, nimekuambukiza."

Hapo ndipo ningesema. Nilitazama sakafu.

Sista alitaka tupimwe damu na moyo, tuanze dawa nyingine siku hiyo hiyo. Mama akasema kama wote ni wagonjwa, hakuna wa kuchunga mbuzi, lazima kwanza awapeleke kwa dada yake upande wa Kiritiri. Akaahidi Jumatatu. Jumamosi akawaswaga, akisimama kila mara kukohoa. Usiku alihamia jikoni asiniongezee ugonjwa. Jumapili hakula, na mimi nilikula.

Jioni hiyo nilisimama mlangoni pa jikoni nikamwambia.

"Yale makohozi yalikuwa yako, mama. Nilimimina kwangu."



"Kwa hivyo hata yule mbuzi mwenye mimba nimemtembeza bure?"

Akaanza kucheka, mpaka kikohozi kikamshika, akainama. Afadhali angenichapa.

Jumatatu nilimwambia sista pia. Hakunigombeza. Alinipa chupa nyingine, akanipeleka nyuma ya jengo, akanionyesha jinsi ya kuvuta pumzi. Watu walitazama. Nikakohoa. Makohozi yangu hayakuonyesha TB, ingawa aliniambia nitarudi kuangaliwa.

Mama alishukuru Mungu kwa Kimbeere, lugha yetu, kwa sauti, wodi nzima ikasikia. Kisha akameza vidonge vyake vya kwanza. Sista akaandika tarehe ya kuanza kwenye kadi. Mama alikuwa anauliza kama anaweza kuvinywa na uji. Mimi nilikuwa naangalia ile tarehe. Ilifaa iwe ya Ijumaa.