Moto Ndani ya Debe

Mama alipofika kwetu Msamala, Songea mjini, mguu wa kushoto umefungwa kipande cha kanga kutoka kifundoni hadi karibu na goti, nilimwonyesha jiko kabla sijamwonyesha kitanda. Mke wangu anasema sivyo, ati nilimkalisha kwanza, nikampa maji ya kunywa. Huenda yeye ndiye anayekumbuka vizuri. Mimi nakumbuka jiko kwa sababu nilikuwa najivunia.

Lilikuwa debe la rangi nililolitoboa tundu ubavuni, chini. Ukitaka kulitumia, unasimamisha chupa tupu katikati, unapitisha kijiti kinene kwenye lile tundu mpaka kiguse chupa, kisha unashindilia maranda, yaani ule unga wa mbao, mpaka debe lijae na liwe gumu. Unachomoa chupa taratibu, unachomoa na kijiti, inabaki njia ya hewa. Unawasha kwa chini. Moto unapanda humo ndani, unakula pole pole, na debe moja linaivisha maharage, linapika ugali na kuchemsha maji ya kuoga bila kuongezewa kitu. Sharti lake ni moja tu, usiliguse. Mke wangu alikuwa anasonga ugali juu yake kwa uangalifu kama anayembembeleza mtoto mgonjwa.

Maranda yalikuwa ya bure. Nilikuwa kibarua katika karakana ya mbao, kazi yangu kupokea ubao upande wa pili wa msumeno, na maranda yalikuwa yanajaa pale mpaka msimamizi akawa anatushukuru tukiyaondoa. Nilikuwa narudi na gunia kichwani, watu njiani wananiuliza kama nafuga kuku.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa, biashara ilipofunguliwa na vitu vikarudi madukani. Kabla ya hapo uliweza kuwa na hela ukakosa sabuni. Sasa sabuni imepangwa rangi zote, hela ndiyo haionekani. Sisi tulikuwa tumeshajifunza kubana wakati wa uhaba, tukaona hakuna sababu ya kuacha. Mche wa sabuni tuliukata kwa uzi, vipande tukavianika juu ya kabati mpaka vikakauka, maana sabuni kavu haiishi upesi. Vipande vilivyobaki vyembamba tulivikusanya ndani ya soksi iliyokosa mwenzake, tukaogea soksi. Njiti ya kiberiti niliipasua kwa wembe ikawa mbili. Koroboi tuliiweka kwenye dirisha dogo la ukuta wa ndani ili mwanga mmoja uhudumie vyumba viwili. Kuna mtu aliniambia chumvi kidogo ndani ya mafuta ya taa inayafanya yasiishe haraka, nikawa natia. Kama ilisaidia au haikusaidia, sijui mpaka leo.

Mama alisikiliza maelezo yote ya jiko, akauliza, "Moto wenyewe uko wapi?"

"Uko ndani, mama."

"Unafanya nini huko?"

Mke wangu akaingia ndani kucheka. Yeye ni mtu wa Lusewa, kwao wanalima tumbaku, na amekua akiona kuni zikiingia kwenye bani la kukaushia tumbaku kwa mkokoteni. Siku nilipoleta debe lile nyumbani alisema, "Niliolewa na mtu, kumbe nimeolewa na debe." Lakini nisimwonee. Ndiye aliyejifunza kulishindilia vizuri kuliko mimi, na la kwake lilikuwa linawaka mpaka usiku.

Asubuhi iliyofuata nilimpeleka mama hospitali. Chini ya ile kanga kulikuwa na kidonda kilichoanza kwa kujikwaa shambani kijijini kwake Mpitimbi, akakitibu kwa majani, kikafunga, kikafunguka tena, kikawa kinapanda. Nesi wa vidonda, mama mmoja mnene asiye na haraka, alikikagua, akasema kitapona, ila kwa sharti. Asafishwe siku moja ndiyo, siku moja hapana, bila kukosa, mpaka kifunge chenyewe. "Akirudi kijijini kabla," akaniambia mimi huku akimtazama yeye, "mtaniletea mguu wa kukata."

Mama alisikia vizuri kabisa. Tukiwa njiani kurudi akasema, "Nitakaa mpaka Jumamosi ya wiki ijayo. Kuna gari la mahindi linarudi Mpitimbi."

Nilidhani ni mzaha. Haukuwa mzaha. Kila nilipomweleza maneno ya nesi alijibu kwamba mguu ni wake, na nyumba yake imebaki peke yake.

Siku chache baadaye nilirudi kutoka kazini nikakuta moshi unatoka jikoni kama tumechoma tanuru la matofali. Mke wangu alikuwa amekwenda bombani. Mama amesimama mlangoni, anakohoa, mkononi ana kijiti.

"Niliuchochea kidogo tu," akasema.

Debe lilikuwa limebomoka kwa ndani, maranda yote yameangukia moto, na moto ukafa kwa kushiba. Maharage yalikuwa hayajafika hata nusu.

"Mama, si nilikuambia lisiguswe?"

"Moto gani huu usiotaka kuchochewa? Hata mtu aliyelala huamshwa."

Mke wangu alifika na ndoo kichwani, akatazama moshi, akanitazama mimi, akamtazama mama mkwe wake. Akasema kwa upole wote, "Mama, afadhali wewe. Mimi nimetamani kulichochea mwaka mzima." Wakacheka wote wawili. Mimi nilichelewa kucheka. Usiku huo tulikula ugali na mboga ya maboga tuliyoombea moto kwa jirani, na maharage tukayapa kazi ya kesho.

Baada ya hapo nikajiuliza ni nini kinachomkimbiza mama. Jawabu la kwanza nililopata lilikuwa kwamba anatuona wabahili. Si bila sababu. Nilikuwa nimemsikia akimwambia mke wangu kwamba katika maisha yake hajawahi kuogea soksi. Basi nikaamua kulegeza. Nikamwekea mche mzima wa sabuni mpya, bado una karatasi. Nikamwekea kiberiti ambacho njiti zake ni nzima.

Jioni nikakuta mche umekatwa, vipande vimepangwa juu ya kabati, vizuri kuliko tulivyokuwa tunavipanga sisi.

"Nani anaoga na sabuni mbichi?" akaniuliza. "Unataka iishe wiki moja? Hela unaokota?"

Njiti hakuzipasua, lakini hakuzitumia pia. Alikuwa anakwenda kuomba kaa la moto kwa jirani akishikilia kigae, kwa mguu ule ule unaouma.

Nikafikiri labda ni baridi. Nikanunua makaa. Kwangu kununua makaa wakati maranda yapo bure ilikuwa kama kumwaga maziwa, lakini nilinunua, nikawasha kwenye jiko dogo, nikamwekea. Alikaa nalo kidogo, mikono ameinyoosha, kisha akainuka. "Makaa ni moto wa mtu mmoja," akasema, akaenda kulala mapema. Na gari la mahindi lilikuwa Jumamosi, na tulikuwa tumeshafika Jumatano.

Ulikuwa mwezi wa saba. Wanaoijua Songea wanaijua baridi yake ya mwezi wa saba, upepo unaingia hadi ndani ya blanketi. Alhamisi nilirudi jua likizama, mama hayupo chumbani. Hayupo uani, hayupo chooni. Mke wangu akaninyooshea kidole upande wa jirani.

Nyumba ya pili alikuwa amepanga mwalimu kutoka Tanga na mkewe. Huyo mke alikuwa anakaanga maandazi kila jioni ya kuuza asubuhi, anatumia kuni, kwenye mafiga matatu nje ya mlango wa jikoni. Kati yetu na wao palikuwa na uzio wa mabua ya mtama uliochoka. Nikasogea. Sikukusudia kusikiliza, ingawa ni kweli kwamba nilisimama na nilisikiliza.

Mama alikuwa ameketi kwenye kigoda, mguu mbovu ameulaza juu ya tofali kuelekea motoni, uso umeng'aa. Mkononi ana kuni, anazisukuma ndani kidogo, anazirudisha. Mke wa mwalimu anageuza maandazi.

"Bibi, ulisema unaondoka keshokutwa?"

"Naondoka, mwanangu."

"Na mguu je? Si hujapona."

"Mguu utajua wenyewe."

"Kwani kwa mwanao wanakunyima nini? Astaghfirullah, nisije nikawa nasengenya majirani, lakini wale watu wema."

"Wema sana. Hawajaninyima kitu. Chakula ninacho, kitanda ninacho, mkwe ananiogesha kama mwanawe." Akasukuma ukuni. "Ila jua likizama hakuna pa kukaa. Moto umefungwa ndani ya debe. Naketi chumbani naangalia ukuta. Kijijini saa hizi watu wamezunguka moto, huyu anasema hiki, yule anabisha. Kule kwa mwanangu ukimaliza kula, siku imeisha."

Nilirudi ndani nikaketi. Mke wangu akaniuliza nimesikia nini, nikamweleza. Hakusema "nilikuambia", na angeweza kusema. Alisema tu, "Hata mimi nalala mapema tangu hilo debe liingie. Nilidhani nimechoka."

Hapo nilitaka kujilaumu, na nilipofikiria zaidi nikaona nisijilaumu kupita kiasi. Mabati ya nyumba yetu yalitokana na hela tuliyookoa kwa debe lile, baada ya miaka ya nyasi zinazovuja. Jiko lilifanya kazi yake kama lilivyoahidi. Hakuna aliyewahi kuniambia kwamba moto una kazi nyingine zaidi ya kupika, au labda niliambiwa nikiwa mdogo nikasahau.

Ijumaa asubuhi mke wangu alivuka uzio. Sikumtuma. Alirudi na maneno yamekwisha kupangwa. Jirani alikuwa analalamika kuni zimepanda, na akimaliza maandazi yake moto mzuri unabaki unajiwakia bure. Sisi tutaleta mabanzi, yale magamba ya magogo yanayobaki karakana, yeye atatoa mafiga na mahali. Akimaliza kukaanga, sufuria yetu inapanda, kisha ya kwao, kisha maji ya kuoga ya nyumba zote mbili. Moto mmoja, nyumba mbili.

"Na nani atauangalia?" nikauliza.

"Kuna mtu mmoja anajua moto," mke wangu akasema, "lakini nasikia kesho anasafiri."

Mabanzi hayakuwa bure kama maranda, msimamizi alikuwa anayauza, ingawa kwa sisi wa karakana alipunguza. Nilibeba mzigo wangu wa kwanza jioni hiyo hiyo. Mke wa mwalimu alikuwa amekwisha kuutoa uzio sehemu moja, akatumia yale mabua kuwashia.

"Shemeji, tupa hapo," akasema. "Bibi, njoo uzipange. Mimi mtu wa pwani, moto wa baridi siujui."

Mama alikuja polepole. Akayatazama mabanzi, akachagua membamba, akaweka manene pembeni. Akauliza nani amekata vibaya namna hii. Nikasema msumeno. Akasema huo msumeno hauna mama.

Tulikaa pale mpaka maji ya mwisho yakachemka. Mwalimu naye alitoka na daftari za wanafunzi, akasahihisha kwa mwanga wa moto, akasema kwa mara ya kwanza ameokoa mafuta ya taa. Mke wangu akasimulia mabani ya tumbaku ya kwao, jinsi wanaolinda moto usiku wanavyochoma viazi kwenye majivu na kuzuliana uongo. Mama akabisha kila alichoweza kubisha. Kuhusu gari hakuna aliyetaja, na mimi niliogopa kuuliza.

Jumamosi honi ililia barabarani. Nilikuwa nimejiandaa kubeba kapu lake. Mama alikuwa uani anachunguza majivu kama kaa la jana bado liko hai.

"Mama, gari."

"Waambie waende," akasema. "Huyu mtoto wa Tanga akiachwa na moto huu atamaliza msitu."

Na tukaja kuona kwamba kwenye kubana alituzidi wote. Sufuria ikichemka tu, anavuta kuni nje, anazima ncha kwenye majivu, anaziweka kando kwa kesho. Ukisogeza ukuni bila ruhusa yake unapigwa na maneno. Mke wa mwalimu alijaribu mara moja kuongeza banzi la pili ili maandazi yaive haraka. "Unampikia nani, jeshi?" mama akamuuliza. Sikumbuki kama matumizi yetu yalipungua kuliko wakati wa debe, nadhani yalizidi kidogo kwetu na yakapungua sana kwao, na kwa jumla ikawa haki. Debe hatukulitupa. Tuliendelea kulitumia mchana, mtu akiwa hana haja ya kuzungumza.

Hospitali hakukosa. Nesi alipunguza siku, kisha akazipunguza tena. Mvua za kwanza zilipokaribia alifungua kitambaa, akabonyeza ngozi mpya kwa kidole, akasema, "Bibi, nenda kalime. Hapa usirudi tena."

Mama aliuinamia mguu wake, akaupapasa. Nesi alikuwa ameshakunja bendeji safi ambayo hakuifunga, anataka kuirudisha kwenye trei.

"Hiyo siyo yangu?" mama akauliza.

"Hukufungwa nayo, bibi. Umepona."

"Ungenifunga kama nisingepona?"

"Ningekufunga."

"Basi ni yangu. Nitafungia mbegu za maboga."

Nesi akanitazama mimi, nikatazama dirishani. Akampa.