Hata Akiwa Mimi

Kwao walimwita Wakala, na jina lake la kuzaliwa lilibaki kwa mama yake, tena siku za hasira tu. Kwa miaka sita alikaa kwenye kibanda cha mbao chenye dirisha moja, akisajili laini za simu, akitoa na kupokea pesa za watu, akigombana na fomu. Kazi aliijua mpaka akawa kero. Ukija na kitambulisho kilichofifia picha, unarudishwa. Ukija na kizuri lakini kidole chako hakisomeki kwenye mashine, unaambiwa ukanawe, ukaushe mikono, urudi. Mkulima mmoja alirudishwa mara nne, na mara ya nne akasema, "Binti, Mungu akujalie na wewe usimame upande huu wa dirisha." Wakala alicheka, akaita anayefuata.

Basi Mungu akajalia. Akiwa na miaka ishirini na saba alipata ufadhili wa kusomea takwimu katika nchi ambayo hakuwa na shangazi, wala rafiki, wala rafiki wa rafiki. Alifika Jumapili na mabegi mawili. Akapewa chumba ghorofa ya tano, kitanda chembamba, meza, na dirisha linalotazama mabomba ya jengo la jirani. Juu ya meza alikuta barua kutoka ofisi ya wanafunzi. Wafadhili wanalipa kwenye akaunti ya benki ya hapa hapa, iliyo kwa jina la mwanafunzi mwenyewe. Namba ya akaunti iwe imefika ofisini kabla ya saa kumi jioni ya Ijumaa. Isipofika, nafasi inakwenda kwa anayefuata kwenye orodha ya akiba.

Wakala aliisoma mara mbili, akaiweka chini bila wasiwasi. Akaunti? Laini? Mambo hayo si ndiyo yaliyomlisha miaka sita? Lakini mganga hajigangi.

Jumatatu benki walimuuliza namba yake ya simu ya hapa. Hana. Akapate laini kwanza. Akavuka barabara hadi duka la simu, na muuza laini, msichana mwenye kucha ndefu zilizompa shida kubonyeza kompyuta, akamwuliza kadi yake ya benki. Hana. Akapate akaunti kwanza. Wakala akamtazama yule msichana, akatamani kumwambia neno, kisha akakumbuka mikono ya yule mkulima, akanyamaza.

"Huna kadi, basi lete barua ya makazi," msichana akasema bila kuinua macho.

Barua ya makazi hutiwa saini na msimamizi wa hosteli, na msimamizi huja Jumatano. Jumatano alikuja kweli, ila mashine ya kuchapia ilikuwa imeisha wino. Alhamisi barua ikatoka, na jioni yake Wakala akapata laini. Alilala na ile simu kifuani kama mtu anayelinda mtoto. Siku nne za danadana zilikuwa zimemkondesha shavu, lakini moyoni alisema imekwisha.

Haikuwa imekwisha. Ijumaa saa nane na nusu mchana alikaa mbele ya karani wa benki, kijana mpole mwenye tai iliyomzidi urefu. Karani akafungua maombi yake, akakunja uso.

"Dada, maombi haya uliyaanzisha kwenye mtandao kabla hujasafiri?"

"Ndiyo. Nilitaka nisichelewe."

"Ukaandika namba hii." Akageuza kioo cha kompyuta.

Ilikuwa namba ya nyumbani. Namba nyingine angeandika ipi siku ile? Ndiyo aliyokuwa nayo.

"Tuweke mpya," akasema haraka. "Hii hapa, ninayo."

"Naweza. Ila mfumo unatuma kwanza namba sita za uthibitisho kwenye ile ya zamani. Ukinitajia hizo sita ndani ya dakika tano, nabadilisha, na akaunti inafunguka palepale."

"Nikifuta yote nikaanza upya?"

"Yanakaguliwa upya. Siku tano za kazi."

Sasa ieleweke habari ya namba ile. Laini ilisajiliwa kwa jina la Wakala, lakini mwenyewe hasa alikuwa mama yake, mshonaji wa sare za shule. Namba iliandikwa kwa rangi kwenye mlango wa duka la mama miaka tisa iliyopita. Wazazi wa wanafunzi waliijua kwa kichwa, na ndiko walikolipia sare. Kuondoka nayo kungekuwa kumfungia mama duka. Kwa hiyo aliiacha, ndani ya simu ndogo ya vibonyezo isiyojua mtandao. Wao wawili walikubaliana kuongea kupitia simu kubwa ya mpangaji mwenzao, ambaye mchana huwa kazini kwake, na simu yake anayo.

Lakini hilo silo lililomkausha mate. Mwaka juzi mtu alimpigia mama, akajifanya mwalimu, akasema mtoto wake wa mwisho ameanguka yuko hospitali, kuna namba imeingia kwenye simu, amsomee ili atibiwe. Mama akasoma. Mauzo ya msimu mzima wa kufungua shule yakaondoka kabla hajamaliza kulia. Wakala alikasirika, maana alikuwa akiwafundisha watu baki dirishani na mama yake hakumfundisha. Akachukua kalamu ya wino mzito, akaandika kwenye karatasi, akaibandika juu ya cherehani: USIMSOMEE MTU NAMBA ZA KWENYE MESEJI. Akaitazama, akaona haitoshi, akaongeza: HATA AKIWA MIMI.

"Tuma," akamwambia karani. Akapiga.

"Haloo, nani mwenzangu?"

"Shikamoo mama. Ni mimi."

"Mimi nani?"

"Mwanao, mama. Mkubwa. Sikiliza, sina muda, nitakueleza baadaye. Kuna meseji imeingia sasa hivi, ina namba sita. Nisomee."

Ikaja pumzi ndefu ya mtu aliyekuwa akiisubiri siku hiyo kwa hamu.

"Ahaa! Kumbe ndio nyinyi. Umeiga na sauti. We mtoto wa watu, mama yako anaijua kazi unayoifanya? Nimeshalia mara moja, silii tena. Tafuta riziki ya halali!"

Simu ikakatwa. Wakala alibaki ameikodolea macho. Ndani yake kulikuwa na kitu kinachotaka kucheka na kingine kinachotaka kupiga yowe, na cha yowe kilikuwa kinashinda. Alipiga tena mara tatu haikupokelewa. Dakika tano zikapita, zile namba zikafa.

"Mfumo unaruhusu mara tatu," karani akasema. "Ya tatu ikishindikana, maombi yanafungwa siku thelathini."

"Tuma ya pili."

Safari hii mama alipokea, na kwa ukali. "Wewe hujakoma?"

"Mama, niulize kitu chochote. Kitu cha nyumbani."

"Mdogo wako wa mwisho tunamwitaje?"

"Kifuniko."

"Hilo mtaa mzima unalijua."

"Nina kovu la pasi hapa mkononi. Nilijiunguza nikinyoosha sare za watu."

"Kovu liko kwenye picha, na picha mmeitoa kwenye hiyo mitandao yenu. Mwanangu aliniambia, mwizi wa siku hizi anajua mpaka rangi ya pazia lako. Aliniambia atalia, atataja marehemu, atakuita mama. Alinifundisha vizuri."

"Alikufundisha vizuri sana," Wakala akasema. "Mama, nafasi yangu ya shule inaondoka leo saa kumi. Nakuomba."

"Hata hilo alisema mtaniambia. Kwamba kuna haraka." Akakata.

Saa ya ukutani ilionyesha saa tisa na dakika tano. Benki hufunga saa tisa na nusu. Nyuma yake watu watatu kwenye foleni walikuwa wameanza kukohoa kile kikohozi kisicho cha ugonjwa. Wakala aliinamisha kichwa mezani. Aliogopa, na ilikuwa hofu ya kweli: miaka sita ya kusoma jioni baada ya kufunga kibanda, mtihani aliourudia mara mbili, vyote vinamalizwa na mkono wake mwenyewe na kalamu ya wino mzito.

"Hiyo ya mwisho usitume kwanza," akamwambia karani. "Mpaka nikunyoshee kidole."

Akatazama salio. Lilibaki la dakika chache. Akapiga, na mama alipopokea, hakumpa nafasi ya kufoka.

"Siombi namba. Nisikilize tu. Siku mbili kabla sijasafiri pasipoti yangu ilipotea. Nilitafuta nyumba nzima, na wewe ukanisaidia kutafuta. Ukainua hata godoro. Jioni ulipokwenda kununua nyuzi niliingia dukani. Niliikuta ndani ya robota la kitambaa cha bluu, lile la chini kabisa, imefungwa kwenye kipande cha bitana. Nikaichukua, nikapanga marobota kama yalivyokuwa. Asubuhi ukaingia dukani peke yako, ukakaa sana. Ulipotoka ulinitazama, na mimi nikakutazama. Ukaniuliza kama nitakunywa chai."

Wakala alisikia gari likipita mbele ya duka lao, na sauti ya mteja ikiuliza sare ya darasa la tatu.

"Mama nanihii, samahani, rudi baadaye kidogo," mama akamwambia mteja. Mlango ukarudishwa. Aliporudi kwenye simu sauti yake ilikuwa nyingine kabisa. "Hilo sijamwambia mtu."

"Na mimi sijamwambia mtu."

"Ulijua ni mimi."

"Nilijua."

"Na ukanikumbatia pale uwanja wa ndege kama hujui."

"Ningesema nini, mama?"

Mama akapenga kamasi. "Nilitaka uikose ndege ile moja tu. Nilijiambia ukiikosa ile utachoka, utakaa. Nimeona aibu tangu siku hiyo. Hata cherehani nikikanyaga naiona aibu."

Wakala alinyosha kidole. Karani akabonyeza. Sekunde chache baadaye mlio wa meseji ukasikika huko kwao, mwembamba, kwenye sikio la mama na la mwanawe kwa pamoja.

"Imeingia," mama akasema. Hakuendelea.

"Mama?"

"Nikikusomea ndio unabaki huko?"

"Ndio nabaki. Miaka minne."

"Na nisipokusomea?"

Hapo Wakala angeweza kudanganya. Angesema nitabaki tu, ni jambo dogo, ni karatasi. Dirishani alishawaona watu wakidanganywa kwa ajili ya namba sita, na alijua inavyofanywa.

"Nisiposomewa narudi," akasema. "Wiki ijayo niko nyumbani."

Karani alionyesha vidole vitatu. Dakika tatu. Hakuwa anaelewa neno hata moja la lugha yao, lakini alikuwa ameacha kuandika, na mkono wake umeganda juu ya vibonyezo. Wakala alitaka kuomba, na maneno yalikuwa yamejaa mdomoni, lakini aliyafunga meno juu yake. Mama yake alikuwa ameshika mkononi kile alichokificha kwenye robota la bluu, safari hii kwa halali kabisa, kwa amri ya mwanawe mwenyewe iliyobandikwa mbele ya macho yake. Hakuwa na haja ya kuficha kitu. Alitakiwa kukata simu tu.

Vidole viwili.

"Ngoja nivae miwani," mama akasema.

Miwani ikatafutwa. Kitu kikaanguka, kikaokotwa. Simu ikawekwa kwenye spika, na sauti ya mama ikaanza kutoka mbali, taratibu, kama mtoto anayesomeshwa.

"Sita. Sifuri. Mbili... mbili tena. Tisa."

Wakala alikuwa akizirudia kwa lugha ya pale, karani akibonyeza. Ya sita haikuja. Kidole kimoja kikainuliwa, na karani alikuwa akikitazama kidole chake kana kwamba kimemkosea.

"Mama."

"Nipo." Kikapita kimya kirefu kuliko vyote vya wiki ile. "Nne."

Karani akabonyeza. Kompyuta ikafikiri, kisha kioo kikageuka rangi, na karani akaachia pumzi akajifuta kipaji cha uso kwa ncha ya tai.

"Imekubali?" mama akauliza.

"Imekubali, mama." Machozi yalikuwa yanamtiririka mbele ya foleni nzima, na hakujali.

"Haya. Waambie wasinitumie tena hizo namba. Mara ya pili sitaweza."

Salio likaisha, simu ikajikata yenyewe. Karani alisubiri kidogo, kwa adabu, halafu akamwomba ile namba mpya. Wakala akaitaja, na karani akafuta ya mama yake, akaiandika hiyo mahali pake.