Nyoka Kipofu Nyuma ya Nyumba

Juzi mafundi waliokuwa wakichimba msingi walifukua nyoka kipofu, mwembamba na mwenye kung'aa kama mnyoo, nami nikakumbuka alasiri moja ya utotoni, enzi za utawala wa kijeshi, nyuma ya nyumba yetu mtaani Kisugu.

Mama alikuwa akichimba shimo, udongo ukinukia mvua, jembe lake likamfukua nyoka kama huyo. Nikapiga kelele.

Mama akaniziba mdomo. "Nyamaza, mwanangu! Wanajeshi watasikia."

Mimi nilimwogopa nyoka tu. Sikujua kwamba nyoka yule hula mchwa na mayai yao tu, wala hamdhuru mtu.

Nyoka alipojipenyeza ardhini, mama alilaza shimoni koti la baba. Wanajeshi walikuwa wamemchukua baba, na mwili hatukupewa, wala ruhusa ya kuomboleza. Leo najua yale yalikuwa mazishi.

"Baba akirudi atavaa nini?" nikauliza.

Mama akaanza kufukia kwa mikono.