Sura ya Mama yake Olinda

Olinda wa Kitaya hakuwa na picha ya mama yake, na nani enzi zile alikuwa na picha? Walivuka Ruvuma wakikimbia vita vya Msumbiji, yeye bado wa kubebwa mgongoni. Mama akafia njiani, upande huu wa mto. Mtoto wa mgongoni anakumbuka nini? Harufu labda. Sura hakuna.

Aliyeikumbuka sura ni kaka yake, Lourenco. Alipokua akawa mchongaji, akaitoa ile sura kichwani mwake akaitia kwenye mti mwepesi, ikawa lipiko, kinyago cha kuvaa kichwani, na ndonya, kile kipande cha mti, kwenye mdomo wa juu, na nembo za chale zilizofinyangwa kwa nta mashavuni. Waliokiona wakalia.

Lakini lipiko mwanamke halitazami likiwa limelala. Likicheza ni mzimu umetoka kwa wafu. Unakuja, sisi wanawake tunakimbia. Likimaliza linarudi kwenye kibanda cha wanaume, na mwanamke huko hana safari. La Lourenco lilicheza msimu mmoja tu, Olinda akiwa ndani na uzazi wake wa kwanza. Kisha Lourenco akafa, na hakuna aliyethubutu kuliamsha. Mchwa ndio waliothubutu.

Mwaka huu ndipo kikaja Chama cha Kumbukumbu kutoka Mtwara mjini. Olinda aliwabeza. "Watu wazima, na mishahara yao, wanakuja kuokota miiko yetu ya ugali!" Lakini wale watu hawakuchoka. Masika waliketi na wazee wakirekodi nyimbo. Kiangazi walifyeka makaburi ya kale kule Mnazi Bay, wakawaita wanafunzi wafundishwe kusuka mikeka na bibi zao wenyewe. Wanaume wa ukoo wakaona hawa ni watu, wakawakabidhi lipiko, likaenda mjini kutibiwa mchwa.

Siku moja akaja katibu wao, Irene, mwalimu, mtu wa Mbeya huyo.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwalimu. Karibu mkeka."

"Bibi, mama yako amepona. Siku ya kufunga mwaka wetu tutamweka mezani hapa Kitaya, utamtazama mpaka uridhike."

"Mezani? Kama samaki wa mnada?"

Irene akacheka, kisha akaona mwenzake hacheki. Akatoa simu. "Basi picha yake ninayo humu. Tazama tu, hakuna atakayejua."

Mkono wa Olinda ukatoka wenyewe. Maisha yake yote alikuwa akiitaka sura ile, na sasa ilikuwa karibu kuliko kikombe cha chai. Akaurudisha mkono, akaukalia.

"Zima. Mama yangu aje kwa miguu yake, ama asije kabisa."

"Mti umechoka, bibi. Akicheza anaweza kupasuka, na hutamwona tena."

"Mama alikufa akitembea, mwanangu. Leo mimi nimlaze?"

Irene akaizima simu. Akaenda kuwabishia wenzake wa chama, wakakubali shingo upande. Likabaki moja: nani atacheza? Angefaa Cesar, mwana wa Lourenco, dereva wa bajaji mjini. Sasa Olinda amwambieje? Kwamba ndani ya mzimu mna mtu, wanawake wote tunajua, na hakuna anayesema. Cesar alipokuja kumsalimia, shangazi akamtengea ugali, akatazama pembeni.

"Huko mjini hukutani na mizimu?"

Cesar akatafuna taratibu. "Mmoja namwona, shangazi. Anaogopa. Anasema ataharibu kazi ya baba yake."

"Mwambie aache upuuzi. Mwambie nazeeka."

"Nitamfikishia."

Siku ikafika. Wanaume wakawasha moto wa nyasi, wakapasha ngoma hadi ngozi zikalia kwa ukali. Wanawake tukapanga mstari tukiimba. Dalila, jirani yake Olinda, hana breki mdomoni, akapaza sauti: "Ewe mzimu, umekuja kwa miguu au kwa magurudumu?" Olinda akamfinya hadi akapiga yowe.

Likatoka. Mwili wote umefungwa nguo, njuga zinalia kiunoni, kichwa kinatetema. Likazunguka uwanja, likatugeukia, likaja mbio. Tukakimbia sote. Olinda hakukimbia.

Lipiko likasimama mbele yake, karibu sana. Ngoma zikanyamaza. Olinda akainua macho.

Alikuwa msichana. Hilo hakuna aliyemwambia. Miaka yote alimwaza mama kama mtu mzima, mwenye kumzidi, kumbe aliyemvusha mto mgongoni alikuwa binti mbichi, mashavu yamejaa, mdogo kuliko wajukuu zake walioolewa. Olinda na mvi zake alimzidi umri zaidi ya mara mbili. Aliogopa kama tunavyoogopa mbele ya Mungu, bila kutaka kuondoka.

"Shikamoo, mama," akasema.

Lipiko likainamisha kichwa polepole. Ufa mwembamba ulikuwa umeanza shavuni, nasi tuliorudi kuchungulia tuliuona. Kisha ngoma moja ikalia, njuga zikajibu, mzimu ukaruka juu kumtisha kama desturi. Na Olinda, bibi wa watu, akapiga ukelele, akakusanya kanga yake, akakimbia.

Alikimbia vizuri. Alikimbia kama mtoto aliyefukuzwa na mama yake kwa mchezo, anacheka, machozi yanamtoka, wala hageuki nyuma.