Fomu ya Fundi wa Injini

Nilikuwa nachambua fomu za wavutaji sigara waliowahi kujaribu kuacha. Walizijaza wenyewe kwenye zahanati za Kigoma na Ujiji, bila majina. Niliingiza majibu kwenye kompyuta, nayo programu ikatafuta yanayoandamana: nani huacha kwa ajili ya watoto, nani kwa kuogopa ugonjwa.

Siku moja ikatenga kikundi kidogo cha wanaume waliokuwa wakificha dalili nyumbani. Nikazitoa fomu zao kuzihakiki. Ya tatu niliisoma mara mbili. Fundi wa injini za boti, mwalo wa Katonga. Mkazi wa Buzebazeba. Watoto watatu. Amejaribu kuacha mara nne. Sababu: "Nakohoa damu. Mke wangu hajui."

Mwandiko niliujua. Ulikuwa wa mume wangu.

Sisi watafiti tulikuwa tumeapa kutomfuatilia mhojiwa yeyote. Nikamweleza msimamizi wangu kwamba fomu moja ni ya mtu ninayemfahamu. Aliichukua, asiniulize zaidi. Lakini maneno yale sikuweza kuyarudisha kwenye karatasi.

Siku mbili nikawa napekua mifuko ya ovaroli lake kabla ya kufua. Akikohoa chooni, nasimama sufuria mkononi, nahesabu. Siku ya tatu nikashindwa.

"Baba watoto, kifua chako kinanitisha. Kesho twende hospitali."

"Kesho nina injini ya watu."

"Watasubiri."

Akanitazama. "Nani kakwambia?"

"Nakusikia ukikohoa." Ilikuwa kweli, ila si kweli yote.

Akakaa kizingitini, akasugua viganja vyenye grisi. "Nilidhani nikiacha sigara itakoma yenyewe. Naacha, damu inatoka tena, naogopa, nawasha nyingine."

Kesho yake tulikwenda hospitali, wakachukua makohozi yake. Siku zile za kungoja majibu sikumbuki nilipika nini. Nakumbuka tu mtoto wa mwisho akilala kifuani kwa baba yake, nami nikitaka kumwondoa na kuona aibu. Ikawa kifua kikuu. Daktari aliposema kinatibika, nikamwomba arudie. Tukapimwa sote, mimi na watoto tulikuwa salama.

Alimeza dawa miezi sita hadi akapona. Sigara aliacha, akarudia, akaacha tena. Tangu mvua za vuli hajavuta, angalau mbele yangu. Habari ya fomu sijamwambia. Akikohoa kwa pilipili tu, bado naacha ninachofanya.